Nakata kulia, bodaboda ananipita ubavuni: kosa ni la nani?

Mzee, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kisauni, Mombasa. Nimepata ajali, na tangu siku ile kila anayeingia nyumbani kwetu amekuwa hakimu. Hukumu zao hazifanani hata mbili, nami nimechanganyikiwa.

Ilikuwa jioni, natoka kazini na kigari changu. Barabara yetu ina njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na saa hizo foleni huwa haisogei. Ili niingie mtaani kwetu lazima nikate kulia, nivuke njia ya wanaokuja. Niliwasha indiketa, nikasogea karibu na katikati ya barabara, nikangoja. Dereva wa matatu aliyekuwa akija upande wa pili alisimama, akaniwashia taa na kunipungia mkono nipite. Nikatazama mbele, nikaona kweupe, nikaanza kukata. Sijamaliza kuvuka nikasikia kishindo mlangoni pangu. Bodaboda alikuwa ameipita foleni yote iliyokuwa nyuma yangu kwa upande wa kulia, kwenye njia ya wanaokuja, akanivaa kati ya fenda ya mbele na mlango wa dereva.

Kijana amevunjika mguu chini ya goti. Alikuwa amebeba mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni, naye amevunjika kifundo cha mkono. Wote wawili hawakuvaa kofia. Nasikia pia kijana hana leseni.

Waendesha bodaboda walinizunguka dakika ile ile. Waliniambia nisipoandika, gari linachomwa. Nikaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba nitagharamia matibabu yote, nikatia sahihi, nikamtumia kaka yake shilingi elfu ishirini kwa M-Pesa. Baadaye trafiki walifika, wakapima, wakalivuta gari na pikipiki hadi kituoni.

Sasa sikiliza, Mzee. Afisa mmoja ameniambia anayekata kulia ndiye mwenye kosa siku zote, kwa hiyo nikishtakiwa nikiri kuendesha bila uangalifu, nilipe faini, nikapumzike. Mume wangu anasema mwenye pikipiki ndiye mkosa mia kwa mia, maana alikuwa upande usio wake, hana kofia wala leseni. Shemeji yangu ananikataza kuiambia kampuni ya bima, ati malipo yatapanda. Bima yangu ni thadi pati tu, ile ya kulipa watu wengine. Na kaka wa yule kijana anapiga simu kila siku, anataka elfu mia na hamsini “tumalizane kienyeji”.

Nikuambie pia jambo moja ambalo sijamwambia mume wangu. Kioo cha kando nilikitazama nilipowasha indiketa. Sikumbuki kama nilikitazama tena nilipoanza kukata.

Kosa ni la nani?

Mwalimu, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na majeruhi Mungu awaponye.

Nitaanza na lenye haraka, halafu nije kwenye swali lako. Usikiri shtaka kwa ajili ya kupumzika tu. Huenda huyo afisa anakutakia mema. Kwake yeye faini ikilipwa faili imefungwa. Kwako ndipo inapofunguka. Kuendesha bila uangalifu ni kosa chini ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, na faini yake wengi huiona ndogo kuliko usumbufu wa kwenda mahakamani mara kwa mara. Lakini Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 47A, inasema mtu akishatiwa hatiani, na hakuna rufaa iliyobaki, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika kwamba alilitenda kosa lile. Kijana akikushtaki kesho kutwa akidai fidia ya mguu, wakili wake hatahangaika kuthibitisha uzembe wako. Ataweka karatasi ya hukumu mezani na kukaa.

Hata hapo mlango haufungwi wote. Mwaka 1971, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua katika kesi ya Robinson na Oluoch kwamba dereva aliyekwisha kutiwa hatiani hawezi kukana uzembe wake, ila anaweza kuonyesha kuwa na mwenzake alichangia. Kwa hiyo ungekuwa na la kusema, lakini ungeanza mbio ukiwa nyuma. Ukishtakiwa, mwone wakili kabla ya siku ya kusomewa shtaka, si baada. Na wakikuachilia usidhani yamekwisha: kesi ya jinai hudai ithibitishwe pasipo shaka, na kesi ya madai hutosheka na uwezekano ulio mkubwa zaidi. Mtu anaweza kushinda ya kwanza na kushindwa ya pili kwa ajali ile ile.

Sasa kosa. Mumeo amekosea, na afisa amekosea, kwa sababu wote wanatafuta mtu mmoja wa kubeba mzigo. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la madai ya bima, na mafaili ya gari na pikipiki yaliyomwangukia mmoja peke yake yalikuwa machache. Mahakama zetu hugawa lawama kwa asilimia. Kila mmoja hubeba fungu lake, na fidia yake hupunguzwa kwa kiasi cha fungu hilo. Tena ushahidi ukiwa hafifu kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alikosa zaidi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishasema mwaka 2006 kwamba madereva wote wawili wabebeshwe sawasawa, nusu kwa nusu. Hilo la mwisho likumbuke, maana ndiko unakoangukia usipokusanya ushahidi wako mapema.

Tumtazame kijana kwanza. Foleni ikisimama, pikipiki hupenya. Sote tunaona na tumezoea. Lakini mazoea ya stejini si kanuni ya barabara. Anayepita magari yaliyosimama, kwenye njia ya wanaokuja, akikaribia mahali pa kuingilia mtaa, amejitwisha wajibu mkubwa. Alipaswa kujiuliza kwa nini gari la mbele limejisogeza katikati, na kwa nini matatu inayokuja imesimama pasipo abiria anayeshuka. Kanuni hazimruhusu kupita gari jingine kwenye makutano. Na indiketa yako, kama ilikuwa inawaka, ilimwambia wazi unakokwenda.

Uingereza kuna kesi ya zamani ambayo mawakili wa huku bado huitaja, Powell na Moody ya mwaka 1966. Mwenye pikipiki alikuwa akiipita foleni iliyosimama, akagongana na gari lililotoka barabara ndogo kupitia mwanya kwenye foleni hiyo. Mwenye pikipiki alibebeshwa asilimia 80. Mumeo akiisoma atachinja kuku. Mwambie angoje: gari lile lilikuwa linatoka barabara ya pembeni, na wewe ulikuwa ndani ya foleni ile ile, ukikata mbele ya mtu anayetoka nyuma yako. Kesi ya namna hiyo hutoa mwongozo tu. Kila ajali hupimwa kwa mambo yake.

Turudi kwako. Anayekata kulia hutoka kwenye mstari wake na kuziba njia ya wengine, kwa hiyo yeye ndiye anayetakiwa kuhakikisha ni salama, mbele na nyuma, sekunde ile anapozungusha usukani. Kutazama kioo wakati wa kuwasha indiketa hakutoshi kama uliendelea kungoja baada ya hapo. Foleni ikisimama, pikipiki huitokea mtu ubavuni kwa muda mfupi sana, na dereva wa Mombasa hawezi kumwambia hakimu kwamba hakutegemea bodaboda kupita hapo.

Na yule dereva wa matatu? Hawa wapungaji mkono wamenipa mafaili mengi kuliko walevi. Taa yake ilikuambia jambo moja tu, kwamba yeye hatakugonga. Hakuwa akisema kwa niaba ya barabara nzima. Mahakamani ukisema “aliniruhusu”, wakili wa upande wa pili atakuuliza kama alikuwa askari.

Kwa hiyo nikilazimishwa kutaja tarakimu kwa maelezo uliyonipa, na indiketa yako ikithibitika, ningemwekea kijana fungu kubwa, kama 60 au 70, na wewe kilichobaki. Indiketa isipothibitika, tarakimu hizo zinaweza kugeuka juu chini, nawe ukawa ndiye mwenye kubwa. Hayo ni makadirio ya mzee, si hukumu. Lakini yanakuonyesha kesi yako imening'inia wapi. Imening'inia kwenye taa ndogo ya rangi ya machungwa.

Ndiyo maana nakuomba uanze kazi leo. Rudi pale mahali ukatazame ni duka gani, kituo gani cha mafuta au nyumba gani ina kamera inayoelekea barabarani. Kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache, na mwenye duka hatakuwekea akiba bila kuombwa. Mwombe kwa adabu, na umweleze mpelelezi kwamba picha zipo ili azichukue yeye rasmi. Mtafute dereva aliyekuwa nyuma yako. Yeye ndiye aliyeitazama indiketa yako kuliko mtu yeyote duniani. Dereva wa matatu naye ni shahidi, na hasa kondakta wake, kwa kuwa macho yake hayakuwa na kazi ya kuendesha. Mkaguzi atakapolikagua gari, msihi aandike kwenye ripoti kwamba indiketa ya kulia inafanya kazi, mbele na nyuma. Gari likirudishwa kwako bila jambo hilo kuandikwa, wataweza kusema taa ilikuwa imeungua.

Kisha kuna mahali palipogongwa. Wengi hulipuuza jambo hili, na mimi ndilo nililokuwa nikilitazama kwanza. Pikipiki ikigonga mlango wa nyuma au kona ya bampa la nyuma, maana yake gari lilikwisha kuvuka sehemu kubwa kabla pikipiki haijafika. Hapo mwenye pikipiki alikuwa na nafasi ya kuona na kufunga breki. Ikigonga ncha ya mbele kabisa, inaonekana walifika pamoja, au dereva alimkatia mwenzake ghafla. Wewe umegongwa kati ya fenda na mlango. Hapo ni katikati, hapamsaidii sana yeyote, na patasomwa pamoja na mchoro wa polisi: gari lilisimama likiwa limeelekea wapi, vioo vilimwagikia wapi, kuna alama ya breki ya pikipiki au hakuna. Alama ndefu humwonyesha aliyekuwa na mwendo. Kutokuwepo kwa alama yoyote humwonyesha ambaye hakuona kabisa. Omba kuuona mchoro huo, na kama vipimo vimeandikwa ndivyo sivyo, sema mapema kwa maandishi.

Abstrakti ya polisi utaipata, na utaihitaji kwa kila jambo. Lakini usitetemeke ikiandikwa jina lako mahali pa anayelaumiwa. Hati ile huthibitisha kwamba ajali iliripotiwa, lini, na nani waliohusika. Hakimu hafungwi na maoni ya aliyeijaza. Hakikisha tu namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, unayo, na kwamba taarifa yako mwenyewe imo humo. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 73, inamtaka dereva aripoti mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Trafiki walifika, kwa hiyo sidhani una tatizo hapo, ila nimeona watu waliodhani wameripoti kumbe walihojiwa tu barabarani.

Kofia na leseni hizo anazozishika mumeo. Kofia ni lazima kwa mwendeshaji na kwa abiria, na kutoivaa ni kosa lake mbele ya polisi. Lakini haikuwa sababu ya kugongana, na mguu uliovunjika ungevunjika hata kama kichwani angekuwa na kofia ya chuma. Kofia ingepunguza fidia yake kama angeumia kichwa. Leseni ni vivyo hivyo: kutokuwa nayo ni kosa la jinai, linaweza kumletea balaa na bima yake, ila peke yake halithibitishi kwamba siku hiyo aliendesha vibaya. Kuna watu wana leseni na huendesha kama wanafukuzwa na nyuki. Mambo hayo yataje, usiyategemee.

Sasa yupo mtu ambaye hukumuuliza hata kidogo katika barua yako, nami ndiye ninayemfikiria zaidi. Yule mama wa sokoni. Hakushika usukani, hakuchagua kupita foleni, hakukata kulia. Kwa kuvunjika kifundo cha mkono hana lawama ya ajali, na anaweza kuwashtaki nyote wawili. Ninyi mtagawana baina yenu kwa asilimia. Yeye hapunguziwi kwa makosa yenu. Na mara nyingi abiria wa bodaboda hushauriwa kumshtaki mwenye gari peke yake, kwa dhana kwamba gari lina bima hai na pikipiki pengine haina. Ikitokea hivyo, wakili wa upande wako ni lazima amwingize mwenye pikipiki kesini kama mhusika wa tatu, la sivyo fungu lake litalipwa na upande wako. Mjulie hali mama huyo. Hakuna sheria inayokukataza kumpelekea uji hospitalini.

Nimefika kwa shemeji yako. Mwambie kwa heshima kwamba ushauri wake unaweza kukugharimu nyumba. Thadi pati ndiyo hasa bima iliyotungwa kwa siku kama hii: Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, sheria ya bima hiyo ya magari, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto awe na bima ya watu wengine watakaoumia au kufa, na sheria hiyo imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mguu wa kijana na mkono wa mama vimo humo. Lakini karibu kila mkataba wa bima una sharti la kuijulisha kampuni mara moja, kuipelekea kila barua na hati ya mahakama ikiwa bado mbichi, na kutokubali lawama bila idhini yake. Ukikaa kimya, kampuni itapata kisingizio cha kukukana au kukudai ilicholipa. Hofu ya malipo kupanda ni ya wenye bima kamili, ambao hupoteza punguzo la kutodai. Nenda kesho asubuhi, jaza fomu ya madai, eleza mambo kama yalivyokuwa, pamoja na hiyo karatasi ya daftari.

Naam, karatasi. Uliandika ukiwa umezungukwa na umati unaotishia kuchoma gari. Nenda kituoni uongeze maelezo hayo kwenye OB, kwa maneno hayo hayo, kabla hayajapoa: nani alisema nini, nani alishika karatasi. Ahadi iliyotolewa kwa vitisho haina uzito wa ahadi ya hiari, lakini lazima vitisho viwe vimeandikwa mahali. Uliahidi matibabu, hukuandika “nimekosa”, na hilo linakusaidia. Kumpeleka majeruhi hospitali na kumlipia kitanda ni utu, na hakimu mwenye akili zake haugeuzi utu kuwa ungamo. Pesa utakazotoa kuanzia sasa, ukipenda kutoa, zilipe moja kwa moja kwa hospitali, chukua risiti kwa jina la mgonjwa, na mtumie ndugu yake ujumbe kwamba ni msaada wa matibabu bila kukubali lawama. Ule ujumbe wa M-Pesa wa elfu ishirini usiufute.

Kwa kaka wa kijana, jibu lako liwe fupi na la upole: jambo liko kwa bima na kwa polisi. Usimpe elfu mia na hamsini. Nitakueleza kwa nini, maana natambua kishawishi chake. Simu ya kila siku humchosha mtu. Kwanza, kaka si aliyevunjika mguu. Ukimlipa yeye, mwenye mguu bado ana haki yake nzima, na kwa madai ya aina hii sheria ya Kenya inampa miaka 3 ya kwenda mahakamani. Pili, hujui mguu utaponaje; mfupa ukikataa kuunga watarudi na karatasi ya upasuaji wa pili. Tatu, mapatano yenu hayamfungi yule mama wala hayamzuii mwendesha mashtaka. Mapatano si mabaya, mengi yamemaliza kesi vizuri kuliko mahakama. Lakini yafanywe na kampuni ya bima au kwa idhini yake, yaandikwe mbele ya wakili, yatiwe sahihi na majeruhi mwenyewe, na yaseme wazi kwamba amepokea malipo yote ya ajali ile na hadai tena.

Ili uone asilimia zinavyofanya kazi, chukua mfano. Tuseme mahakama imembebesha kijana asilimia 60 ya lawama, wewe 40. Tuseme mguu wake umethaminiwa shilingi 500,000: atapata 200,000, na hizo hulipwa na bima yako. Matengenezo ya gari lako yakiwa 90,000, wewe unastahili 54,000 kutoka upande wake. Ndiyo, nawe una madai. Watu wa gari husahau hili kwa sababu hawakutoka damu.

Tena hapo ndipo thadi pati yako inapoishia: gari lako mwenyewe hailigusi. Ulizia kituoni bima ya pikipiki ni ya kampuni gani na kama ilikuwa hai siku ile; cheti kina tarehe. Uliza pia pikipiki ni ya nani, kwa maana vijana wengi huendesha kwa hesabu ya jioni na mmiliki ni mtu mwingine, na mmiliki huyo anaweza kubeba lawama ya aliyemkabidhi chombo. Kama bima imekufa, kumbuka kwamba bima ya lazima kisheria ni ya miili ya watu, na bati la gari lako linaweza kuwa nje yake hata ingekuwa hai. Utakaodai nao ni mwendeshaji na mmiliki wenyewe.

Kiasi kama chako hakihitaji kesi ya miaka. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Ila nakusihi usilipeleke gari kwa fundi wa bodi kabla halijakaguliwa na kupigwa picha pande zote, za karibu na za mbali, namba ya gari ikionekana. Na utakapolitengeneza, dai risiti ya kila kipande, fenda, mlango, rangi, kazi, pamoja na gharama ya kulivuta. Hasara ya namna hiyo mahakama hulipa iliyothibitishwa tu, na karatasi ya makadirio aliyoichora fundi kwa kalamu ya risasi imewaponza wengi.